Idhini, Viza na Ruhusa ya Kuingia: Istilahi za Safari Fupi za Nchi za Nje

UTANGULIZI

Katika makala haya tunakusudia kueleza maana na matumizi ya istilahi chache zinazohusu safari fupi za nchi za nje, yaani zile safari za siku au majuma machache ambazo mtu huzifanya bila nia ya kuhamia huko aendako wala kuajiriwa huko. Istilahi hizi si ngeni zote. Pasi, viza, muhuri na forodha ni maneno yaliyozoeleka tangu zamani. Jambo geni ni kwamba sehemu kubwa ya shughuli iliyokuwa ikifanyika mbele ya dirisha la afisa, kwa karatasi na kalamu, siku hizi hufanyika kwa njia ya mtandao kabla msafiri hajatoka nyumbani kwake. Shughuli imehama, lakini maneno hayakuhama nayo kwa utaratibu. Matokeo yake ni kwamba neno moja, “kibali”, limetwishwa mizigo mitatu au minne kwa wakati mmoja.

Jambo hili lingeweza kuachwa lijirekebishe lenyewe lau kama lingekuwa la mazungumzo tu. Lakini mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Miaka miwili kabla ya hapo, mwezi Agosti 2019, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilikubali Kiswahili kiwe lugha yake rasmi ya nne. Kwa hiyo mfasiri ambaye zamani alikuwa akimweleza mwananchi maana ya sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza, leo anaandika maneno yenyewe yatakayomlinda au kumtia hatiani mwananchi huyo. Katika hali hiyo, neno lenye maana mbili ni hatari kuliko neno lisilokuwapo.

Hoja yetu ni hii. Kati ya msafiri na nchi anayokwenda kuna hatua tatu ambazo hazina budi kutenganishwa: ukubali unaotolewa kabla ya safari, ukaguzi na uamuzi unaofanywa katika kituo cha kuingilia, na haki ya kuishi au kufanya kazi, ambayo ni jambo jingine kabisa. Kila hatua ina mtoaji wake, wakati wake na madhara yake. Basi yafaa kila hatua iwe na jina lake.

MIFANO YA LITEMBO NA MWAMBAO WA ZIWA NYASA

Tumechagua kupima istilahi hizi kwa mifano ya Litembo, katika Wilaya ya Mbinga, na ya mwambao wa Ziwa Nyasa ulio magharibi yake. Litembo iko katika milima ya Wamatengo, watu wanaojulikana kwa kilimo cha ngoro na kwa kahawa. Kutoka milimani ardhi huteremka hadi ziwani, kwenye bandari ya Mbamba Bay, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ng’ambo ya ziwa ni Malawi, na upande wa kusini ni Msumbiji. Aidha, hospitali ya Litembo, iliyo chini ya Jimbo Katoliki la Mbinga, imekuwa ikipokea madaktari na wanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya.

Kwa hiyo katika eneo hili moja twaweza kuwaona wasafiri wa namna nne. Yupo mchuuzi anayevuka ziwa kwenda Malawi na kurudi. Yupo mwalimu anayekwenda Nairobi kwa mkutano wa siku tatu. Yupo mtawa aliyealikwa Ujerumani kwa miezi miwili. Na yupo mgeni anayekuja Litembo kutoka Ulaya kwa majuma matatu. Mchuuzi ni raia wa Tanzania na haombi viza kwa ziara fupi ya Malawi. Mwalimu naye haombi, kwa kuwa Tanzania na Kenya zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtawa lazima aombe viza. Mgeni naye lazima aombe, isipokuwa kama nchi yake imesamehewa. Hata hivyo, ukiwasikiliza watu wakizungumza juu ya wote wanne, utasikia swali moja tu: “Je, ana kibali?” Swali hilo halijibiki, kwa sababu halisemi ni kibali gani, cha nani, wala cha lini.

Kabla ya kuendelea, tuseme neno moja juu ya “ng’ambo”. Maana yake ya asili ni upande wa pili wa maji. Watu wa mijini wamelizoea kwa maana ya Ulaya au nchi za mbali. Kwa mkazi wa mwambao wa Nyasa maana ya asili ingali hai, na nchi ya nje iliyo ng’ambo ya ziwa iko karibu naye kuliko Dar es Salaam. Kwa hiyo katika maandishi rasmi yafaa kuandika “nchi za nje”, na kuliacha neno “ng’ambo” libaki na kazi yake njema ya kila siku.

HATI YA KUSAFIRIA

Istilahi hii ni pana kuliko “pasipoti”. Pasipoti ni aina moja tu ya hati ya kusafiria. Aina nyingine ni Hati ya Dharura ya Safari. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 inayohusu mambo haya inazitaja pamoja pasipoti na hati nyingine za kusafiria, na mfasiri yampasa afuate mpango huo. Akiandika “pasipoti” mahali ambapo sheria inasema hati ya kusafiria, atakuwa amemfungia nje mwenye Hati ya Dharura. Akifanya kinyume chake, atakuwa amemfungulia mlango mtu ambaye sheria haikumkusudia.

Neno “pasi” lingali linatumika, lakini lina majirani wengi mno: pasi ya nguo, pasi ya mpira na pasi ya mtihani. Katika mazungumzo halina madhara. Katika fomu twapendelea “pasipoti”, hasa kwa kuwa ndilo neno lililotumika ilipozinduliwa Pasipoti ya Kielektroniki ya Afrika Mashariki nchini Tanzania tarehe 31 Januari 2018.

VIZA

Neno “viza” limetoka katika Kilatini, nalo lina maana ya kitu kilichoonwa. Hapo zamani lilikuwa alama ya afisa aliyeithibitisha hati ya msafiri kwamba ameiona na hana pingamizi. Maana hiyo ya asili yafaa ikumbukwe, kwa kuwa inaeleza vizuri mpaka wa nguvu za viza. Viza ni ushuhuda kwamba maombi ya mtu yamechunguzwa kabla ya safari na kukubaliwa. Haisemi kwamba ameingia, wala haimlazimishi afisa wa kituoni kumwingiza.

Tangu mwaka 2018 mgeni anayekuja Tanzania anaweza kuomba viza kwa njia ya mtandao na kupata jibu kwa barua pepe. Hivyo viza si lazima tena iwe kipande cha karatasi kilichobandikwa katika pasipoti. Kwa sababu hiyo maneno “kubandikiwa viza” na “kugongewa viza” hayafai tena kutumika kwa viza zote. Twashauri “kupewa viza” na “kunyimwa viza”, ambayo hayategemei karatasi.

Aina za viza hutafsiriwa bila taabu kubwa: viza ya kuingia mara moja, viza ya kuingia mara nyingi, viza ya kupitia. Taabu imo katika aina mbili. Ya kwanza ni ile ambayo wengi huiita “viza ya biashara”. Tanzania huitoa kwa mgeni anayekuja kwa kazi maalumu isiyozidi miezi mitatu, na miongoni mwa kazi hizo ni kutengeneza mashine na kuendesha mafunzo ya kitaalamu. Tuchukue mfano wa fundi anayekuja kufunga mashine ya eksirei hospitalini kwa majuma matatu. Fundi huyo hauzi wala hanunui. Akisoma maneno “viza ya biashara” ataona hayamhusu, atalipa dola 50 za viza ya kawaida badala ya dola 250, kisha atakutwa akifanya kazi ambayo viza yake haikumruhusu. Kosa litahesabiwa kuwa lake, lakini chanzo chake ni tafsiri. Tunapendekeza “viza ya shughuli maalumu”.

Ya pili ni ile inayotolewa kwa raia wa baadhi ya nchi baada ya maombi yao kufikishwa kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji. Mfasiri anaweza kuvutwa na neno “rufaa”, kwa mfano wa hospitali ya rufaa. Lakini mahakamani rufaa ni malalamiko dhidi ya hukumu, na msomaji anaweza kudhani kwamba ni viza ya mtu aliyekataliwa kisha akalalamika. Neno “rejea” nalo lina ila yake, kwani linaelekea kumaanisha viza ya kurudia nchini. Hapa ni afadhali kusema kwa maneno mengi kuliko kusema vibaya kwa machache: “viza inayohitaji uamuzi wa Kamishna Jenerali”.

IDHINI YA SAFARI

Hii ndiyo istilahi mpya katika jamii hii, nayo ndiyo iliyotusukuma kuandika. Mwaka 1996 Australia ilianza kutumia utaratibu wa kumkubali msafiri kwa njia ya kielektroniki kabla hajapanda ndege. Marekani iliufanya utaratibu wake, ujulikanao kama ESTA, kuwa wa lazima mwezi Januari 2009. Kanada ilifuata mwaka 2016. Uingereza ilianza mwaka 2023 kwa raia wa Qatar, kisha ikaendelea kuueneza kwa raia wa nchi nyingine. Katika Afrika Mashariki, Kenya ilianza mwezi Januari 2024.

Kwa kawaida utaratibu huu huwahusu watu waliosamehewa viza. Serikali ya nchi husika haiwataki waende ubalozini, lakini inataka kujua majina yao na nia yao kabla hawajafika. Msafiri hujaza fomu katika tovuti, hulipa ada, na hujibiwa baada ya dakika au siku kadhaa. Mtu wa kwanza kulitazama jibu hilo aghalabu si afisa wa serikali bali ni msafirishaji, yaani karani wa shirika la ndege anayepokea abiria. Asiye na jibu hapandi.

Tunapendekeza jambo hili liitwe “idhini ya safari”. Sababu yetu imo katika matumizi ya neno lenyewe. Tunasema idhini ya mzazi, idhini ya mgonjwa kabla ya kupasuliwa, na kuidhinisha malipo. Katika yote hayo idhini hutangulia tendo wala si tendo lenyewe. Mtumishi yeyote wa serikali anajua tofauti kati ya fedha zilizoidhinishwa na fedha zilizolipwa. Kwa namna hiyo hiyo, mwenye idhini ya safari ameidhinishiwa kusafiri, lakini bado hajaruhusiwa kuingia. Maneno “ya mtandaoni” au “ya kielektroniki” yaweza kuongezwa panapokuwa na haja ya kutaja njia iliyotumika, lakini si sehemu ya lazima ya istilahi.

Je, idhini ya safari ni viza kwa jina jingine? Hapa mfasiri awe macho, kwa maana jibu hutegemea sheria ya nchi inayohusika. Sheria ya Marekani inasema wazi kwamba idhini yake si viza, na ndivyo ilivyo Kanada. Lakini katika sheria ya Australia idhini ya namna hii huhesabiwa kuwa aina mojawapo ya viza. Kenya nayo iliondoa viza kabisa na kuweka idhini mahali pake. Hivyo nchi mbalimbali hutumia jina la Kiingereza linalofanana kwa mambo yasiyolingana kisheria. Mfasiri hana budi kuisoma sheria kabla ya kulifasiri jina.

Mfano wa Kenya una funzo zaidi. Mwezi Desemba 2023 ilipotangazwa kwamba wageni hawatahitaji viza tena, wengi walielewa kwamba mtu angeweza kufika mpakani na pasipoti yake tu. Utaratibu ulipoanza, msafiri alikuta fomu ya kujaza na ada ya dola 30. Tena baadhi ya raia wa nchi za Afrika waliokuwa wakiingia Kenya bila viza walijikuta wakitakiwa kuomba idhini, jambo ambalo hawakuwa wakitakiwa kulifanya kabla. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walisamehewa, na mwaka 2025 msamaha huo ulienezwa kwa raia wa nchi nyingi za Afrika. Tangazo la kwanza halikuwa la uongo: viza ilikuwa imeondolewa kweli. Lakini kwa msomaji asiyekuwa na neno la pili katika akili yake, “hakuna viza” kulimaanisha “hakuna sharti lolote la kutimiza kabla ya safari”. Hilo ndilo pengo ambalo istilahi inapaswa kuliziba.

RUHUSA YA KUINGIA

Ruhusa ya kuingia hutolewa na afisa uhamiaji katika kituo cha kuingilia, baada ya kumwona msafiri mwenyewe. Hapo ndipo uamuzi unapokamilika. Mwenye viza anaweza kukataliwa hapo. Mwenye idhini ya safari anaweza kukataliwa vilevile. Na asiyehitaji viza wala idhini, kama mchuuzi wetu wa Mbamba Bay aendaye Malawi, bado anaihitaji ruhusa hii. Katika desturi zetu aliyealikwa karamuni hubisha hodi mlangoni kama mtu mwingine yeyote, wala hasemi kwamba mwaliko umemwondolea hodi. Mwalimu atakayewaeleza wanafunzi wake tofauti hii kwa mfano huo atakuwa ameokoa maneno mengi.

Yafaa pia kutofautisha “mpaka” na “kituo cha kuingilia”. Katika Ziwa Nyasa tofauti hii inaonekana wazi kuliko mahali pengine. Juu ya mahali unapopita mpaka wenyewe, Tanzania na Malawi zina maoni tofauti, na chanzo chake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Tanzania hushikilia kwamba mpaka unapita katikati ya maji. Malawi hushikilia kwamba unafuata ukingo wa upande wa Tanzania. Lakini mchuuzi hagongewi muhuri katikati ya maji. Taratibu zake za kutoka hufanyika bandarini Mbamba Bay, na za kuingia hufanyika kwenye bandari ya upande wa pili, kama Nkhata Bay. Kwa hiyo “kuvuka mpaka” ni tendo la kijiografia, na “kuingia nchini” ni tendo la kisheria. Mfasiri asiyachanganye.

Muhuri umekuwa alama ya ruhusa ya kuingia kwa muda mrefu, lakini si ruhusa yenyewe. Tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Ulaya zilizo katika eneo la Schengen zilianza kuingiza utaratibu wa kumwandikisha mgeni kwa picha ya uso na alama za vidole, uchukue nafasi ya muhuri. Mtawa wetu aendaye Ujerumani anaweza basi kurudi na pasipoti isiyo na muhuri hata mmoja, na bado awe aliingia na kutoka kihalali. Fomu zinazouliza “tarehe ya muhuri wa kuingia” zibadilishwe ziulize “tarehe ya kuingia”.

Hatimaye, katika hatua hii yapo maneno mawili ambayo fomu nyingi huyauliza na ambayo wajazaji huyachanganya: “kukataliwa kuingia” na “kufukuzwa nchini”. Aliyekataliwa kuingia hakuwahi kupewa ruhusa. Aliyefukuzwa alikuwa ndani, kisha akaondolewa kwa amri. Na aliyenyimwa viza si mmoja wa hao wawili, kwa kuwa hakufika popote. Mtu akijibu swali moja kwa kudhani ni jingine, jibu lake litahesabiwa kuwa uongo, na maombi yake ya baadaye yatadhurika.

KIBALI

Baada ya kuondoa yale yasiyokuwa yake, neno “kibali” linabaki na kazi yake halali. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, Sura ya 54, ina vibali vya ukaazi vya madaraja A, B na C. Na sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wasio raia ina vibali vya kazi. Huko ndiko kibali kilikozoeleka, na huko ndiko tunakotaka kibaki. Kibali humpa mgeni haki ya kuishi au kufanya kazi kwa kipindi maalumu. Hakimhusu msafiri wa siku chache. Mgeni aliyezoea kusikia viza yake ikiitwa kibali anaweza kudhani kwa moyo safi kwamba ana haki ya kuajiriwa, naye hana.

MUDA WA UHALALI NA MUDA WA KUKAA

Katika istilahi zote za safari hakuna zinazowaponza wasafiri wengi kama hizi. Maneno “viza ya siku 90” hayatoshi. Je, siku 90 za kuitumia, au siku 90 za kukaa baada ya kuingia? Idhini ya Marekani, kwa mfano, kwa kawaida huwa halali kwa miaka miwili, lakini kila ziara haizidi siku 90. Mwenye kusoma “idhini ya miaka miwili” anaweza kufikiri kwamba amepewa miaka miwili ya kukaa.

Tunapendekeza “muda wa uhalali” kwa kipindi ambacho viza au idhini yaweza kutumika, na “muda wa kukaa” kwa siku ambazo mgeni anaruhusiwa kuwamo nchini. Maneno haya yasiachwe hata kwa ajili ya kufupisha tangazo.

Kanuni ya eneo la Schengen yahitaji uangalifu wa pekee. Kanuni husema siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Tumepata kuona ikifasiriwa “siku 90 kila nusu mwaka”. Tafsiri hiyo ni fupi na ya kupendeza, lakini ni potofu. Tuseme mtawa wetu ana viza ya kuingia mara nyingi, akaingia Machi 1 na kutoka Aprili 29. Amekaa siku 60, kwani siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Akarudi tena Julai 1. Kwa tafsiri ya “kila nusu mwaka” atadhani kwamba nusu mpya imeanza na ana siku 90 mpya. Kwa kanuni yenyewe, kila siku anayokuwamo huhesabiwa siku 180 kurudi nyuma, nazo zile 60 zimo bado. Zimebaki 30 tu. Hana budi kutoka kabla Julai 30 haijapita. Akingoja Septemba atakuwa amevunja sheria kwa sababu ya maneno matatu ya mfasiri.

MANENO YA FOMU

Fomu ya mtandaoni haina karani wa kuulizwa. Kwa hiyo kila neno lake lisimame peke yake. Tutaje machache.

Majina. Fomu nyingi hutenga jina la ukoo na majina ya kupewa. Kwa Wamatengo jambo hili halina taabu, kwani jina la tatu la mtu aghalabu ni la ukoo hasa, kama Ndunguru, Komba, Kapinga au Hyera. Lakini katika sehemu nyingi za pwani na visiwani, Asha Juma Ali ni Asha, binti wa Juma, mjukuu wa Ali. Ali si jina la ukoo bali ni jina la babu. Akiulizwa jina la ukoo anaweza kuacha nafasi wazi, au kuandika jina la kabila. Lililo muhimu ni kwamba majina ya fomu yalingane na ya pasipoti. Mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha huandikwa kwa mpango mmoja duniani kote: huanza jina linalohesabiwa kuwa la ukoo, zikafuata alama mbili za mshale, kisha majina mengine. Basi fomu yetu na iseme: “Jina la mwisho, kama lilivyo katika pasipoti”.

Tamko. Mwishoni mwa fomu mwombaji hutamka kwamba aliyoyaeleza ni kweli. Hili ni “tamko”, si “taarifa”. Taarifa yenye kosa husahihishwa. Tamko la uongo huadhibiwa. Mjazaji anastahili kulijua hilo kabla ya kubonyeza.

Pakia na pakua. Maneno haya yametoka vyomboni na jikoni, nayo yamefaa sana. Mtu wa Mbamba Bay hupakia gunia katika mashua na hulipakua afikapo. Vivyo hivyo mwombaji hupakia picha yake katika tovuti, na hupakua viza yake ikiwa tayari. Hakuna haja ya kutafuta mengine.

Tovuti rasmi. Zipo tovuti za watu binafsi zinazofanana na za serikali, ambazo hupokea maombi na kutoza ada kubwa kuliko ile ya serikali. Na nyingine ni za ulaghai mtupu. Tunashauri matangazo yote yatenganishe “tovuti rasmi”, “tovuti ya wakala” na “tovuti bandia”. Wakala si mwizi, lakini ada yake si ada ya serikali, na mwombaji ana haki ya kuijua tofauti hiyo.

Bima ya lazima. Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44. Bima hii ni sharti la kuingia, lakini si viza wala idhini. Viza hailipii bima, na bima haichukui nafasi ya viza.

ORODHA YA ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Hati ya kusafiria: hati yoyote inayotambuliwa na sheria kwa safari ya nje, pasipoti ni mojawapo.

Viza: ukubali unaotolewa kabla ya safari, au penye utaratibu huo kituoni, kwa mgeni ambaye sheria inamtaka awe nao.

Idhini ya safari: ukubali unaotolewa kabla ya safari, aghalabu kwa mtandao, kwa mgeni asiyetakiwa kuwa na viza, isipokuwa sheria ya nchi husika ikiuhesabu kuwa viza.

Ruhusa ya kuingia: uamuzi wa afisa uhamiaji katika kituo cha kuingilia.

Kibali: haki ya kuishi au kufanya kazi kwa kipindi maalumu.

Kituo cha kuingilia: mahali palipotengwa na sheria kwa kuingia na kutoka nchini.

Muda wa uhalali: kipindi ambacho viza au idhini yaweza kutumika.

Muda wa kukaa: siku ambazo mgeni anaruhusiwa kuwamo nchini.

Kunyimwa viza, kukataliwa kuingia, kufukuzwa nchini: mambo matatu mbalimbali, yasiyobadilishana.

Viza ya shughuli maalumu: viza ya kazi fupi ya kitaalamu au ya kibiashara isiyohitaji kibali cha ukaazi.

HITIMISHO

Mapendekezo haya hayajawa istilahi sanifu. Yanatolewa yajadiliwe, na huenda wasomaji wakapata maneno bora kuliko yetu. Lakini tunaamini kwamba, majina yoyote yatakayochaguliwa, utenganisho wenyewe haukwepeki. Anayeuliza “je, ana kibali?” juu ya mchuuzi, mwalimu, mtawa na fundi anauliza maswali manne kwa neno moja, na anayejibu “ndiyo” anaweza kuwa amejibu swali lisilokuwa lenyewe.

Tunawaomba walimu wazijaribu istilahi hizi darasani, wafasiri wazitumie katika rasimu zao, na watumishi wanaoandika matangazo ya vituoni watueleze ni wapi zinakwama. Hasa tungependa kupata maoni ya wale wanaofanya kazi mipakani na bandarini, kwani wao husikia kila siku maneno ambayo wasafiri wenyewe huyatumia. Neno linaloeleweka Dar es Salaam na lisieleweke Mbamba Bay bado halijawa istilahi ya taifa.